Bloku ya kozi haionekani, haichezi au imevuruga ukurasa: anza na dalili

Simu nyingi ninazopigiwa na walimu huingia Jumapili jioni na Jumatatu asubuhi. Mwalimu amekaa wikiendi nzima akiiandaa kozi yake kwenye Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, na kuijaza bloku, yaani visanduku vidogo vya pembeni mwa ukurasa: bloku moja ina ratiba ya vipindi, nyingine ina video ya utangulizi, ya tatu ina linki ya kundi la WhatsApp la darasa. Kwenye laptopu yake kila kitu kimekaa vizuri. Kukicha, wanafunzi wanamwambia hawaoni kitu.

Nimekuwa nikiwasaidia walimu wa vyuo na vituo vya mafunzo hapa Dar es Salaam, na makosa ni yale yale, yanabadilisha mtu tu. Nimeyapanga kwa dalili, yaani kwa maneno ambayo mwalimu mwenyewe huyatumia akipiga simu. Chini ya kila dalili, sababu inayotangulia ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi zaidi, na ya mwisho ni nadra. Fuata mpangilio huo. Usiruke kwenda kwenye msimbo (maandishi ya HTML yanayojenga ukurasa) wakati hujajua kama droo, ile sehemu ya pembeni zinamokaa bloku, imefunguliwa.

Moodle ndio mfumo ambao vyuo vyetu vingi vinautumia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwemo. Toleo la 4.0, lililotoka Aprili 2022, ndilo lililoziweka bloku kwenye droo ya upande wa kulia inayofunguka na kufungwa. Kama karatasi uliyopewa kwenye semina inaonyesha bloku zikiwa wazi pembeni muda wote, karatasi hiyo ni ya matoleo ya nyuma au inahusu mwonekano tofauti na wenu. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yalivyo kwenye skrini, ili uyatambue ukiyaona.

## Kabla hujagusa chochote

Jiulize nani anaona kosa, kwenye kifaa gani, na tangu lini. Wewe peke yako? Mwanafunzi mmoja? Darasa zima? Kwenye simu tu, au hata kwenye kompyuta ya maabara? Kosa linaloonekana kwa mtu mmoja karibu daima liko kwenye simu yake au akaunti yake. Kosa la darasa zima liko kwenye kozi yako. Kosa la chuo kizima halikuhusu wewe, ni la msimamizi wa mfumo.

Kisha omba akaunti ya mwanafunzi wa majaribio. Hili nalisisitiza kuliko jambo lolote lingine katika mwongozo huu. Moodle ina njia ya kujibadilisha uwe kama mwanafunzi, "Switch role to", na walimu wengi huitegemea. Inasaidia kiasi, lakini bado ni wewe uliyeingia: mafaili yako binafsi yanafunguka, na kivinjari chako bado kimeingia kwenye Gmail yako. Makosa mawili makubwa nitakayoyaeleza hapa chini hayaonekani kabisa kwa njia hiyo. Akaunti ya majaribio, ikifunguliwa kwenye dirisha la faragha la kivinjari, au vizuri zaidi kwenye simu ya kawaida yenye bando la kawaida, ndiyo inayokuonyesha anachokiona kijana aliyekaa kwenye daladala la Gongo la Mboto.

## "Sioni mahali pa kuongeza bloku"

Angalia kona ya juu kulia ya ukurasa wa kozi. Kuna swichi ya "Edit mode". Kama haijawashwa, hakuna kitakachotokea hata ukae mpaka usiku. Ukiiwasha, fungua droo ya kulia kwa kubonyeza kimshale kidogo kilichoko ukingoni mwa skrini; ndani yake ndimo ilimo "Add a block". Walimu wengi wanawasha swichi na kusahau droo.

Ikiwa swichi yenyewe haipo, tatizo ni cheo chako ndani ya kozi. Wahadhiri wasaidizi wengi huandikishwa kama "Non-editing teacher": wanasahihisha kazi na kutoa alama, lakini hawawezi kubadilisha ukurasa. Mwombe mwenye kozi au msimamizi akubadilishie. Usiazime nywila ya mwenzako. Kila kinachofanyika kinarekodiwa kwa jina la mwenye akaunti, na siku kitu kikifutika, yeye ndiye atakayeulizwa.

Pengine orodha ya bloku inafunguka, lakini aina unayoitaka haimo. Baadhi ya aina zinaruhusiwa mara moja tu kwa ukurasa, kwa hiyo ikishawekwa inatoka kwenye orodha. Tafuta vizuri, huenda ipo chini kabisa na imefichwa. Bloku ya maandishi, inayoitwa "Text" kwenye matoleo mapya na "HTML" kwenye ya zamani, unaweza kuiongeza mara nyingi utakavyo. Kama aina unayoitafuta haimo kwenye orodha wala kwenye ukurasa, basi msimamizi ameizima kwa chuo kizima. Hapo simama, umwandikie.

## "Mimi naiona, wanafunzi hawaioni"

Hii ndiyo dalili kubwa kuliko zote.

Mama mmoja anayefundisha uhasibu katika kituo kimoja Temeke alinipigia akiwa na uchungu wa kweli. "Mwanangu, nimewawekea tarehe ya jaribio wiki nzima, na leo nusu ya darasa hawajafika." Nikamwamkia, nikamwomba achukue simu ya mwanafunzi yeyote aliye karibu naye, aifungue kozi, aniambie anachokiona. Kimya kidogo. Kisha akasema: "Naona mada za wiki tu. Bloku yangu haipo." Ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya droo, na kwenye skrini ya simu droo hiyo hukaa imefungwa mpaka mtu aibonyeze. Wanafunzi wake hawakujua kwamba kuna kitu cha kubonyeza, na hakuna aliyewahi kuwaambia.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na dawa yake haiko kwenye mipangilio yoyote. Jambo ambalo mwanafunzi akilikosa ataumia, kama tarehe ya jaribio, chumba cha mtihani au mwisho wa kukusanya kazi, lisikae kwenye bloku pekee. Liweke katikati ya ukurasa, juu ya mada ya wiki ya kwanza, kwa kutumia "Text and media area", ambayo zamani iliitwa "Label". Bloku iwe ya vitu vya kusaidia: linki za maktaba, saa zako za ofisi, kalenda. Najua bloku inapendeza zaidi kwa macho, lakini darasa linalosoma kwa simu linahitaji taarifa mahali kidole kinapopita.

Kama umethibitisha kuwa droo imefunguliwa na bado hakuna kitu, pitia haya kwa zamu.

Alama ya jicho. Ukiwa umewasha "Edit mode", fungua menyu ya bloku yenyewe uone kama imefichwa. Bloku iliyofichwa inaonekana kwako kwa rangi iliyofifia, na wakati wa kuhariri ni rahisi kutogundua tofauti hiyo, hasa mchana kwenye skrini yenye mwanga hafifu.

Mahali ulipoiongezea. Ukiongeza bloku ukiwa ndani ya zoezi au jukwaa la majadiliano, inabaki humo humo. Ukurasa mkuu wa kozi hauijui. Njia nyepesi ni kuifuta na kuiongeza upya ukiwa kwenye ukurasa mkuu. Ukitaka ionekane kila mahali ndani ya kozi, fungua mipangilio yake, nenda sehemu ya "Where this block appears", uchague kurasa zote za kozi. Hapo hapo utakuta uzito, namba kati ya -10 na 10. Namba ndogo inapanda juu. Bloku ambayo mwanafunzi anasema haipo mara nyingine iko chini ya nyingine sita, naye hajaburuza mpaka huko.

Programu ya simu. Muulize mwanafunzi kama anaingia kupitia kivinjari au kupitia programu ya Moodle aliyoipakua. Hivi ni vitu viwili. Programu haionyeshi kila aina ya bloku. Plagini, yaani nyongeza ya kuongezea Moodle uwezo, iliyotengenezwa na watu wengine bila kuandaliwa kwa ajili ya programu haitokei humo kabisa. Bloku ya maandishi inatokea, ila mapambo uliyoyaweka kwa msimbo yanaweza kupotea. Mwambie aifungue kozi kwenye kivinjari. Ikionekana huko, umeshajua.

Uandikishwaji. Mwanafunzi anaweza kuwa ameingia kama mgeni, au hajaandikishwa kwenye kozi yako, au yumo kwenye kozi ya mwaka jana yenye jina lile lile. Hili la mwisho hutokea kila muhula. Linganisha namba iliyo mwishoni mwa anwani ya ukurasa wake na ya ukurasa wako.

Mwisho kabisa, kashe ya kivinjari, yaani nakala za kurasa ambazo kivinjari kimejiwekea. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl pamoja na F5. Nimeiweka mwisho makusudi: watu huanza nayo, wanamwambia mwanafunzi afute kila kitu kwenye simu, anapoteza nywila zake zote, na bloku bado iko ndani ya droo iliyofungwa.

Ukifika hapa bila jibu, uwezekano uliobaki ni ruhusa za bloku hiyo kubadilishwa. Usianze kubonyeza-bonyeza jedwali la ruhusa. Ukikosea humo unaweza kuwafungia wanafunzi vitu ambavyo vilikuwa vinafanya kazi. Mwite msimamizi.

## "Picha imevunjika kwa wanafunzi, kwangu ipo"

Bonyeza kitufe cha msimbo kwenye kihariri (kisanduku unamoandikia maudhui ya bloku), utafute anwani ya picha. Anwani yenyewe itakueleza kila kitu.

Ukiona `draftfile.php`, umenakili picha kutoka kwenye kisanduku kingine cha kuhariri kabla hakijahifadhiwa. Hiyo ni rasimu iliyo kwenye eneo lako binafsi. Moodle inakuonyesha wewe peke yako, na baada ya siku chache inaifagia, kwa hiyo hata wewe itakupotea. Hili ni mojawapo ya yale mawili niliyosema hayaonekani ukijibadilisha tu uwe mwanafunzi.

Ukiona `file:///`, picha iko kwenye laptopu yako na haijawahi kupakiwa. Hutokea ukinakili kutoka Word. Ukiona `blob:`, umeinakili kutoka WhatsApp ya kwenye kompyuta au ukurasa unaofanana na huo, na anwani hiyo inakufa ukifunga dirisha. Anwani ya tovuti nyingine nayo si ya kuaminiwa: mwenye tovuti akihamisha picha, wewe unabaki na kisanduku kitupu.

Kwa zote nne tiba ni moja. Hifadhi picha kama faili kwenye kompyuta, ifute ile ya kwenye bloku, kisha ipakie kwa kitufe cha picha cha kihariri. Usiburute, usipesti.

Kama kupakia kwenyewe kunakataa kwa sababu ya ukubwa, fahamu kwamba kikomo hakiko mahali pamoja. Kuna cha kozi, cha mfumo, na cha seva yenyewe, na kidogo kuliko vyote ndicho kinachotawala. PHP, lugha inayoendesha Moodle kwenye seva, isipobadilishwa huja na kikomo cha MB 2 kwa faili moja. Kwa hiyo kuongeza kikomo cha kozi hadi MB 50 hakusaidii kitu kama seva bado iko kwenye 2. Lakini kwa picha, jibu sahihi mara nyingi si kuongeza kikomo, ni kupunguza picha. Nitalirudia chini.

## "Video au ukurasa wa nje haufunguki ndani ya bloku"

Kwa YouTube, kosa la kawaida ni kuweka anwani ya kutazamia ndani ya fremu (`iframe`), yaani dirisha dogo linaloonyesha ukurasa mwingine ndani ya wako. Anwani yenye `watch?v=` haikubali kuwekwa ndani ya ukurasa mwingine; inayokubali ni ile yenye `/embed/`. Usiiandike kwa mkono: fungua video, bonyeza kushiriki, chagua kupachika, unakili msimbo wanaokupa. Video iliyowekwa kuwa ya faragha haitachezeka kwa wanafunzi. Iweke kuwa "Unlisted" kama hutaki ionekane kwenye utafutaji. Na kuna wenye video ambao wamezuia kabisa kupachikwa. Hapo weka linki ya kawaida.

Faili la Google Drive ndilo kosa la pili lisiloonekana kwa mwalimu. Kivinjari chako kimeshaingia kwenye Gmail yako, faili ni lako, linafunguka. Mwanafunzi anaambiwa aombe ruhusa, na wewe unaanza kupokea barua pepe 80 za maombi. Badilisha ushirikishaji uwe kwa yeyote mwenye linki, kwa kutazama tu. Angalia mara mbili kwamba hujatoa ruhusa ya kuhariri.

Ikiwa ndani ya fremu unaona maneno kwamba tovuti imekataa kuunganishwa, si mtandao. Tovuti nyingi, hasa za benki, za serikali na za kuingilia akaunti, zinakataza kurasa zao kuwekwa ndani ya kurasa za wengine, na zinafanya hivyo kwa usalama. Hakuna ujanja wa halali wa kulipita hilo. Weka linki inayofungua dirisha jipya.

Fremu ikiwa nyeupe tu bila neno lolote, tazama kama anwani uliyoweka inaanza na `http` wakati kozi yako iko kwenye `https`. Vivinjari vinazuia mchanganyiko huo. Jaribu kuongeza ile herufi `s`. Kama tovuti ya nje haina toleo salama, turudi kwenye linki.

## "Nikihifadhi, msimbo unapotea" au "naletewa ukurasa wa 403"

Hizi ni dalili mbili zinazochanganywa, na zina vyanzo tofauti.

Msimbo ukipotea kimyakimya, yaani unahifadhi vizuri lakini ukirudi fremu au hati yako (`script`) haimo, chanzo cha kwanza ni kuupesti kwenye eneo la maandishi badala ya eneo la msimbo. Utaona msimbo wenyewe ukisomeka kwenye ukurasa kama maneno, au kihariri kimeusafisha. Fungua kwanza mwonekano wa msimbo, ndipo upesti. Chanzo cha pili ni mahali: bloku ile ile uliyoiweka kwenye dashibodi yako binafsi inasafishwa na Moodle kwa ukali kuliko ile ya ukurasa wa kozi, kwa sababu za usalama. Mapambo yanayofanya kazi kwenye kozi hayalazimiki kufanya kazi huko.

Ukurasa wa 403 (seva inakukatalia) unaotokea ukibonyeza kuhifadhi ni jambo jingine. Jaribu hivi: hifadhi bloku ikiwa na neno moja tu, "jaribio". Ikikubali, rudisha maudhui yako kipande kwa kipande. Kama inakataa pale tu unapoweka `iframe` au `script`, basi kichujio cha usalama cha seva, mara nyingi kile kiitwacho ModSecurity, kimeudhania msimbo wako kuwa ni shambulio. Wewe huwezi kulitatua hili, na tafadhali usimwombe fundi akizime kichujio chote. Mwombe aangalie kumbukumbu za seva kwa saa na dakika uliyopata kosa, aone ni kanuni ipi iliyokuzuia, na ailegeze hiyo moja kwa ukurasa huo mmoja.

Kuna pia ujumbe wa muda wako kuisha. Uliandika, umeme ukakatika au ukaenda kuswali na kula, ukarudi ukabonyeza kuhifadhi. Kabla hujaondoka kwenye ukurasa huo, nakili maandishi yako yote, kisha ingia upya. Kwa bloku ndefu mimi huandika kwanza kwenye Notepad, kisha ndipo nahamishia.

## "Ukurasa mzima umevurugika"

Mada zimehamia chini, menyu imebanwa pembeni, rangi zimebadilika kozi nzima. Usihofu, kazi za wanafunzi na alama hazijaguswa. Kilichoharibika ni mwonekano.

Hatua ya kwanza ni kuificha bloku ya mwisho uliyoigusa. Ukurasa ukikaa sawa, mkosaji umempata. Usihangaike kuirekebisha ikiwa hewani wakati wanafunzi wako ndani. Ihamishie kwenye kozi ya majaribio.

Sasa tafuta sababu. Inayoongoza ni tagi isiyofungwa: umefungua `<div>` tatu ukafunga mbili, na kila kinachofuata kinadhani kiko ndani ya bloku yako. Zihesabu, zifunguazo na zifungazo. Ya pili ni alama za kunukuu zilizopinda. Msimbo ukipitia Word au WhatsApp, alama zilizonyooka zinageuzwa kuwa zilizojikunja, na kivinjari hakizielewi. Ziandike upya kwa mkono. Ya tatu ni mtindo (CSS, msimbo wa rangi na mpangilio) ulioandikwa kwa jina pana mno. Ukinakili mahali fulani mtindo unaoanza na `body` au `.card`, hauipaki rangi bloku yako, unaupaka ukurasa wote. Ipe bloku yako jina lake la pekee, na kila mtindo uanze na jina hilo. Ya nne ni takataka za Word zinazosafiri na maandishi. Pesti kama maandishi matupu, kisha weka herufi nzito na vichwa upya.

Simama umwite msimamizi kama ukurasa umevurugika kiasi kwamba huoni menyu ya bloku, au kama umeificha na hakuna kilichobadilika. Pengine kosa liko kwenye mwonekano wa mfumo mzima, na kila unachoongeza kinazidisha ukungu.

## "Kwenye simu imekatika upande mmoja"

Upana umeandikwa kwa namba kamili, kwa mfano 800. Weka asilimia 100 badala yake, kwa picha na fremu. Jedwali pana la ratiba liwekwe ndani ya `<div style="overflow-x:auto">` ili liburuzwe kwa kidole, au, ambavyo napenda zaidi, livunjwe kuwa orodha ya siku.

## "Ukurasa unachelewa, unamaliza bando"

Hapa ninaomba tufanye hesabu pamoja. Picha moja kutoka kwenye simu ya kisasa inaweza kuwa na MB 4. Weka tano kwenye bloku: MB 20. Darasa la wanafunzi 200 wakifungua mara moja tu, ni MB 4,000, na fedha ya bando hiyo inatoka kwenye mifuko ya vijana wanaopiga hesabu ya nauli na chakula cha mchana. Punguza picha hizo hizo ziwe na upana wa pikseli 1200 na uzito wa KB 150 kila moja. Jumla inakuwa KB 750 kwa mwanafunzi, MB 150 kwa darasa zima. Kwenye skrini ya simu hakuna atakayeona tofauti.

Chunguza pia kama picha zimeingia kama maandishi. Kwenye msimbo utaona `data:image` ikifuatiwa na msururu wa herufi usio na mwisho. Picha ya namna hiyo inanenepa kwa takriban theluthi moja, na kwa kuwa ni sehemu ya ukurasa wenyewe, simu haiwezi kuiweka akiba peke yake. Inashushwa upya kila ukurasa unapofunguliwa. Iondoe, ipakie kama faili.

Video zisijianzishe zenyewe. Kama una video tano kwenye ukurasa mmoja, bakiza ya wiki hii, nyingine zigeuze linki.

Ukishafanya yote hayo na ukurasa bado mzito kwa kila mtu, kila kozi, na hasa saa za jioni, ni seva. Msimamizi.

## "Bloku yangu inaonekana kwa watu wasiohusika"

Ikiwa imetokea kwenye kozi za wengine, ni msimamizi aliyeiweka kwenye ngazi ya mfumo na kuchagua "Any page". Yeye ndiye wa kuirudisha. Linalonisumbua zaidi ni kozi yenye mlango wa wageni uliowazi, huku bloku ikiwa na majina ya wanafunzi, namba zao za simu na alama za jaribio. Mtu yeyote anasoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakuhusu wewe na chuo chako. Ondoa orodha hiyo leo, kabla ya kutafuta ilivyotokea. Alama ziende kwenye kitabu cha alama ambako kila mwanafunzi anaona zake. Kisha mjulishe msimamizi kwamba zilikuwa wazi, na kwa muda gani.

## "Nimepata plagini ya bloku nzuri mtandaoni"

Kama wewe si msimamizi, ishia kumtumia linki. Kama ndiye, basi usiijaribu kwenye mfumo unaotumika. Soma kwanza inahitaji toleo gani la Moodle na ilihuishwa mara ya mwisho lini. Plagini iliyotelekezwa ni mzigo utakaokuja kukuzuia kupandisha toleo. Nakala ya akiba ni mambo matatu, hifadhidata, mafaili ya programu na folda ya data, siyo moja. Ufungaji ukigoma katikati na ukurasa wa mbele ukaleta kosa la hifadhidata, usirudie kubonyeza "Upgrade". Acha ulipofika, mwite anayeijua seva.

## Cha kumtumia fundi

"Haifanyi kazi" inamrudisha mtu wa TEHAMA kwako na maswali kumi, na siku inaisha. Mtumie ujumbe mmoja wenye anwani kamili ya ukurasa, jina la akaunti iliyoona kosa bila nywila yake, saa na dakika, aina ya simu au kivinjari, picha ya skrini nzima pamoja na ule mstari wa anwani juu, na jambo la mwisho ulilobadilisha kabla ya kosa kuanza. Na msimbo wa bloku yako uutume kama faili la maandishi, si kwa kuupesti ndani ya WhatsApp.